Zamu za Maji kwenye Kompyuta ya Usharika

Kompyuta ya usharika wetu ilikaa karibu mwaka mzima ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma. Ililetwa na marafiki wa usharika kutoka Ulaya pamoja na printa na kitabu kinene cha maelekezo kwa Kiingereza, ikawekwa kwenye meza ya ofisi, kando ya kabati la vyeti vya ubatizo. Akina mama waliifumia kitambaa kwa kipimo chake, cheupe chenye ua la njano katikati. Mwinjilisti aliyetunza ufunguo wa ofisi alikiondoa kila Jumamosi, akafuta vumbi, akakirudisha. Hakuna aliyeiwasha tangu siku ya kukabidhiwa.

Wakati huo mimi nilikuwa fundi mizani. Nilikuwa na kibanda Ngarenaro, mjini, na kazi ilikuwepo, kwa sababu soko la kahawa lilikuwa limefunguliwa na wanunuzi binafsi walikuwa wanapanda mlimani kila mmoja na mizani yake. Nilisoma mpaka darasa la saba. Mengine yote niliyapata kwenye vitabu vya mitumba na kwa kufungua vitu na kuvifunga tena. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini, na nilikuwa na tabia ambayo mke wangu aliiita ugonjwa: sikuamini jambo mpaka niwe nimeliandika kwenye daftari na kulijaribu mara mbili.

Kwetu ni mlimani, juu ya Kikatiti, na huko nilikuwa katibu wa kamati ya mfereji. Mfereji wenyewe ulichimbwa na babu zetu. Unachukua maji kwenye banio, pale mto unapotoka msituni, unashuka kama kilomita tatu ukipita pembeni mwa mashamba ya kaya thelathini na nane. Maji hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Usiku yanaachwa mtoni kwa ajili ya watu wa chini, na Jumapili hakuna zamu. Kila kaya ina saa zake, na mzunguko mzima ni siku kumi.

Zamani hilo halikuwa na ugomvi, maana kahawa chini ya migomba haidai maji kila wiki. Bei ya kahawa iliposhuka, watu waling'oa sehemu ya mikahawa wakapanda nyanya, kabichi na maharage ya soko. Mboga hazisubiri. Mashamba yakagawanywa kwa watoto, zamu zikagawanywa nusu na robo, watu wakaazimana saa na kusahau kuzirudisha, na ikawa si ajabu kukuta wanaume wawili wamesimama kwenye mfereji kila mmoja na jembe lake, wote wakiwa na hakika kwamba ni saa yao. Daftari la zamu nililorithi lilikuwa limefutwa na kuandikwa juu mpaka karatasi imetoboka.

Nikamwomba mwinjilisti aniruhusu nijaribu ile mashine. Alifikiri siku tatu, akakubali kwa sharti kwamba kitambaa kikunjwe vizuri na kisiwekwe chini.

Nilitumia siku nilizokuwa siendi mjini. Nilikaa na kile kitabu mkono wa kushoto, kamusi katikati, daftari mkono wa kulia. Mwezi wa kwanza sikutengeneza chochote. Nilinakili sentensi, nikatafuta neno kwa neno, nikabonyeza, nikaandika kilichotokea. Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo nilijifunza mapema kuhifadhi kazi kwenye disketi kila baada ya dakika chache. Ndani ya mashine kulikuwa na programu ya majedwali: ukurasa uliogawanywa visanduku, mistari kwenda kulia na safu kwenda chini. Niliandika namba tano za mfano, na chini yake nikaandika fomula ya kwanza ya kitabu, ya kujumlisha. Jumla ikatokea. Hilo halikunishtua, kikokotoo cha mfukoni kingefanya hivyo. Lakini kitabu kilisema nirudi juu nibadilishe namba moja. Nikabadilisha. Chini, bila mimi kugusa kitu, jumla nayo ikabadilika.

Nilitoa mikono mezani. Nikabadilisha tena, ikabadilika tena. Katika maisha yangu yote kila hesabu niliyoifanya ilikuwa imekufa mara tu wino ulipokauka. Ukikosea juu unafuta mpaka chini. Hii ilikuwa hesabu iliyobaki hai baada ya kuandikwa. Nilimwita mwinjilisti aje aone. Aliangalia, akaniuliza imejuaje. Sikutaka kumdanganya, nikamwambia bado sijafika kwenye ukurasa huo.

Kutoka hapo nilijenga jedwali la zamu, kisanduku kwa kisanduku. Safu ya jina, safu ya ukubwa wa shamba, safu ya saa zinazostahili. Nikajifunza fomula inayouliza swali: kama zamu ya mtu inavuka saa kumi na mbili jioni, basi kinachobaki kihamie asubuhi inayofuata, kama asubuhi hiyo ni Jumapili, basi iruke. Mashine ilihesabu saa zake kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo nikaongeza safu ya kutoa saa sita ili watu wasome saa wanazozijua. Sikujua kwamba ninachofanya kina jina. Nilidhani programu ni vitu vinavyokuja vimefungwa kutoka Ulaya. Miaka mingi baadaye kijana wa ofisi moja mjini, aliponiona nikifanya vile, aliniambia huko ndiko kutengeneza programu, na nilimbishia.

Jambo lililonishangaza kuliko yote lilikuwa amri ya kupanga. Kitabu kilisema mashine inaweza kuchukua orodha yoyote na kuipanga kwa alfabeti. Koo zetu ni chache, nusu ya mfereji tuna jina moja la ukoo, kwa hiyo niliweka majina ya ubatizo mbele. Nikabonyeza. Kaya thelathini na nane zikajipanga kabla sijainua kidole. Lile daftari la zamani lilikuwa na mpangilio wake, ambao niliuona hauna kichwa wala miguu: kaya ya huku inafuatwa na kaya ya kule, mtoto anatangulia baba. Nilidhani liliandikwa ovyo, kila mtu kwa siku aliyofika kujiandikisha. Nikaona kwamba hatimaye tumepata utaratibu ambao hakuna wa kuulalamikia, kwa sababu hakuna aliyechagua jina lake la ubatizo.

Kamati ilifurahi. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mkali na msafi wa mikono, asiyejipendelea hata kwa dakika moja ya maji. Aliishika karatasi iliyotoka kwenye printa kwa ncha za vidole, akasema mashine haina ndugu. Karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya usharika, na watu walikuja kuisoma hata wasiokuwa na shamba.

Mzunguko wa kwanza haukuisha vizuri. Nilisikia manung'uniko kwamba maji hayatoshi, nikadhani ni kiangazi. Kisha asubuhi moja nikiwa ofisini akaingia mama mmoja wa makamo ya mama yangu mdogo. Alikuwa mjane, na shamba lake ndilo la mwisho kabisa kwenye mfereji, pale unapoishia kwenye majani. Nilisimama nikamwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, hakukaa. Alifungua kanga akatoa tawi la mnyanya lenye maua, limenyauka, akaliweka juu ya karatasi yangu.

"Katibu," alisema, "hiyo mashine yako imewahi kufika kwangu?"

Nilimwonyesha mstari wa jina la marehemu mumewe, ambalo bado ndilo lililokuwa kwenye orodha: Alhamisi, saa nne mpaka saa saba. Muda wa saa tatu kamili, zaidi hata ya alizokuwa nazo zamani. Akasema saa nne alikuwa na jembe mkononi. Saa tano alikuwa na jembe mkononi. Maji yalimfikia saa sita na kitu, akalowesha matuta manne kati ya ishirini, na saa saba yakakatwa huko juu kwa sababu karatasi ilisema saa saba.

Nilijua kilichokuwa kinamkabili, kijiji kizima kilijua. Mwenyekiti wa mfereji alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Hakuwa na chuki naye. Lakini misimu miwili mfululizo shamba lile halikutoa kitu, na mzee alikuwa amesema mbele ya ndugu kwamba shamba la marehemu haliwezi kuachwa liwe pori. Nyanya hizi zikishindwa, atalilima yeye na wanawe, na shemeji yake aende akapumzike kwa binti yake anayeishi Terrat. Mama huyu hakutaka kupumzika Terrat. Nyanya zilikuwa kwenye maua. Zingeweza kuvumilia mzunguko mmoja mbaya. Miwili zisingeweza.

Nilimwambia kwa uangalifu kwamba hesabu ni sahihi, nimezikagua mara mbili kwa mkono. Akaniangalia kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa shati kinyume.

"Ninyi wa juu," alisema, "maji yakifunguliwa, ukiwa bado unatafuta kiatu yameshafika shambani. Kwangu yanakuja kwa miguu."

Akaniuliza kama nalijua jiwe langu. Sikulijua. Akasema kila shamba lina jiwe ndani ya mfereji, pale mlango wa shamba unapofunguliwa, na saa ya mtu huanza maji yanapoligusa jiwe lake, haianzi yanapofunguliwa banioni. Muda wa njiani si wa mtu. Hivyo ndivyo mumewe alivyofundishwa na baba yake. Shamba letu liko hatua mia mbili kutoka kwenye banio. Baba yangu hakuhitaji kunifundisha habari za jiwe, kwa sababu kwetu kufunguliwa na kufika ni kitu kimoja.

Nilichukua daftari la zamani kabatini. Nilitaka kuona jambo moja tu. Jina la kwanza kwenye ukurasa wa kwanza lilikuwa la baba mkwe wake. Jina la mwisho lilikuwa la babu yangu. Nikafuata majina ya katikati, moja moja, nikiyaweka kichwani kwenye mashamba yao. Haikuwa orodha ya kujiandikisha. Ilikuwa ni mfereji wenyewe, umeandikwa kutoka mkiani kwenda kichwani.

Maana yake niliiona palepale. Asubuhi maji yanapita kwenye mfereji mkavu mara moja, yanakwenda chini kabisa kwa anayeanza. Akimaliza, jirani yake wa juu anayakata, na kwake hayasafiri, yapo tayari. Kisha wa juu yake. Mfereji unabaki umelowa siku nzima, na maji yanakuwa yanapanda mlima, kwa namna ya kusema. Mimi nilikuwa nimechukua mpangilio huo na kuupiga kwa alfabeti. Kwa karatasi yangu maji yalitoka kwa mtu wa banioni yakashuka kilomita tatu kwa huyu mama, yakarudi juu, yakashuka katikati, yakarudi, na kila safari udongo mkavu ulikunywa sehemu yake. Na mashine ilinitii. Hilo ndilo lililonikalisha chini. Ilinitii nilipokosea kwa haraka ileile iliyonitii nayo nilipopatia.

Mwinjilisti, aliyekuwa amesikia yote akiwa mlangoni, aliuliza kama nikunjue kitambaa niifunike. Yule mama akasema hapana, iandike upya.

Kulikuwa na mkutano wa kamati Ijumaa hiyo. Nilisimama nikaeleza kosa, na kwamba ni langu. Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba yeye hajui habari za mashine, anajua shamba kavu na shamba lenye maji. Alikubali mzunguko mmoja zaidi. Baada ya hapo, alisema, mambo ya shamba la ndugu yake yasiletwe tena kwenye kamati, yatamalizwa nyumbani.

Daftari la zamani peke yake lisingetosha, kwa sababu mashamba yalikuwa yamegawanywa. Jumamosi tulitembea mfereji wote, mimi na yule mama, kuanzia banioni saa kumi na mbili asubuhi, mara tu maji yalipofunguliwa. Nilikuwa na saa ya mkono na daftari. Yeye alitangulia na fimbo. Tulikwenda mwendo wa maji, pale kichwa cha maji kinapotambaa kikisukuma majani makavu na povu la vumbi, na kila tulipofika kwenye jiwe aligonga fimbo na kutaja shamba la nani, na nani kabla yake, na mimi nikaandika dakika. Mahali pengine maji yalikwenda kama mtu mwenye haraka. Mahali pengine, kwenye udongo mwekundu uliopasuka, yalisimama kabisa tukasimama nayo. Sikuwahi kuyatazama hivyo. Nilikuwa nimezaliwa kwenye mfereji ule.

Kwenye jiwe la ishirini alinisubiri. Akasema ananidai jibu. Maji yake yakikatwa na jirani wa juu, yale yaliyobaki njiani ni ya nani?

Nikasema labda yagawanywe.

"Utayarudishaje juu, Katibu? Kwa ndoo?"

Nikaandika: yaliyobaki ni ya wa chini. Akataka kuona nimeandika. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaniambia nimpunguzie dakika kumi kwenye saa zake kwa ajili ya hayo. Tukabishana kidogo kuhusu kumi au kumi na tano. Ikabaki kumi.

Maji yaligusa jiwe lake saa mbili na dakika kumi na nane. Ilikuwa ni mwendo wa saa mbili na dakika kumi na nane kutoka banioni, na kwa miaka yote hiyo hakuna karatasi iliyowahi kuliandika jambo hilo, lakini zamu za watu thelathini na nane zilikuwa zimejengwa juu yake zikasimama.

Nilirudi ofisini, nikafanya kazi siku tatu bila kwenda Ngarenaro. Niliongeza safu mbili, moja ya nafasi ya jiwe, moja ya safari ya maji. Amri ya kupanga niliitumia tena, safari hii kwa nafasi, kutoka kubwa kwenda ndogo. Fomula ya kuanza niliibadilisha: wa kwanza wa siku anaanza maji yakifika kwake, wanaofuata wanaanza pale aliyetangulia anapoishia. Nilipomaliza nilijaribu kuongeza dakika tano kwenye safari ya jiwe moja la katikati, na saa za watu kumi na tisa chini yake zikasogea zote, kila moja mahali pake, kama watu wanaosogea kwenye benchi la kanisa kumpisha aliyechelewa. Nilikaa nikiangalia kile kioo. Nilikuwa nimeingiza mle ndani akili ya watu waliokufa bila kujua kusoma, na mashine kutoka Ulaya iliielewa bila kuuliza. Sijui kama nimewahi kuona jambo kubwa zaidi.

Karatasi mpya iliyatenga masaa ya njiani kwenye mstari wake wa peke yake, juu ya kila siku. Yule mama ndiye aliyeomba hivyo, ili asitokee mtu wa kuyadai. Mwinjilisti aliuliza mstari ule uandikwe jina la nani, tukauacha bila jina.

Mzunguko mpya ulianza Jumatatu, siku tisa baada ya kutembea mfereji, na kwa utaratibu wa mkiani kwenda kichwani, wa kwanza alikuwa yeye. Karatasi ilisema saa mbili na dakika kumi na nane. Nilifika mapema nikamkuta ameshafungua mlango wa shamba na kuweka magunia ya udongo pembeni. Nyanya zilikuwa zimeinamisha majani, lakini maua yalikuwa bado yapo. Ng'ambo ya mfereji alisimama shemeji yake, mwenyekiti, mikono nyuma, amevaa koti. Tuliamkiana.

Saa mbili na dakika kumi na nane mfereji ulikuwa mkavu. Dakika ya kumi na tisa, hakuna. Mzee alitazama juu kwenye kona, akanitazama mimi, akatazama juu tena. Nilikuwa najua kila kisanduku cha lile jedwali, na hakuna hata kimoja kilichoweza kunisaidia pale.

Dakika ya ishirini yakatokea kwenye kona. Yalikuja polepole na majani yao mbele, yakaligusa jiwe, yakalizunguka, yakaingia shambani.

"Karatasi yako imewahi dakika mbili," yule mama alisema bila kuniangalia. Alikuwa ameshainama, anafungua tuta la kwanza.

Alifanya kazi peke yake. Nilitaka kumsaidia akakataa, akasema kila mtu na kazi yake. Alifungua tuta, akaliangalia likijaa, akaziba, akafungua lingine, bila haraka, kama mtu aliyehakikishiwa muda wake. Saa tano kasoro tuta la ishirini lilikuwa limelowa, na muda wake ulikuwa haujaisha. Jirani wa juu alipoyakata, maji ya njiani yaliendelea kushuka kwake bado, mengi kuliko nilivyokadiria. Dakika kumi zile zilikuwa chache.

Mzee alivuka mfereji kwa kuruka, kwa umri wake, akapita katikati ya mistari akichungulia mashina. Aliinama akagusa udongo kwa vidole viwili. Kisha akamwuliza shemeji yake kama ana miti ya kutosha ya kusimamishia nyanya zitakapobeba, maana kwake ipo ya ziada, wanawe wangeweza kuileta.

Mama akasema atashukuru. Halafu akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama na daftari wazi nikiandika.

"Katibu, sogea. Umekanyaga tuta langu."